Fundi Nguo Anachagua Injini

Kwa miaka ishirini na sita Gaston Mushagalusa amepima viuno, mabega na mapaja ya watu wa Yeoville, na hajawahi kukosea hata nusu sentimita. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na huyasema bila kuulizwa. Mteja akirudi kulalamika kwamba suruali inambana, Gaston humtazama kwa huruma na kumweleza kuwa suruali iko vilevile, aliyebadilika ni yeye, apunguze fufu. Mteja huondoka na suruali yake, akiona haya.

Ndiyo maana watu walishangaa kumwona mtu huyohuyo, kila Jumamosi kwa miezi minne, akizunguka Johannesburg na futi kamba yake shingoni akipima injini za magari.

Gari lenyewe hakulinunua, tusimsingizie. Aliachiwa na mzee mmoja Mzungu, jirani yake huko Kensington anakoishi, ambaye Gaston alimshonea suti zote mpaka ile aliyozikwa nayo. Mzee hakuwa na watoto, akaandika katika wosia kwamba gari lake la michezo, dogo, jekundu, la Kiitaliano, la mwaka 1971, liende kwa fundi nguo wake. Lilikuwa limelala chini ya blanketi miaka tisa. Mwenye akili angemwita makanika. Gaston aliwaita wanaume wa kanisani kwake, kwa sababu huko Bukavu alikozaliwa mji ni milima mitupu, na dawa ya gari lililogoma inajulikana na kila mtu: unalisukuma mteremkoni. Na Kensington, Bwana asifiwe, ina mteremko.

Wanaume kumi na wawili walilisukuma wakiimba. Gari likawaka. Likanguruma ubeti mzima, na kabla ya kiitikio mkono wa pistoni ukatoboa ubavu wa injini ukatoka nje kuangalia mji. Hakuna aliyekuwa ameuliza kama ndani kuna oili. Haikuwemo. Wale kumi na wawili walikuwa na imani tele, lakini imani hailainishi chuma, na kila mmoja akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyumbani.

Mtu mwingine angewaita watu wa vyuma chakavu, mambo yakaisha. Lakini Gaston ana binti, Gaëlle, mhandisi wa mitambo huko Midrand. Miaka minane nyuma, siku Gaëlle aliposema anataka kusomea mitambo, baba yake alisimama mbele ya wageni waliojaa sebuleni akatangaza kwamba hakuna mwanaume atakayeoa msichana anayenuka dizeli. Aliongea vizuri mno siku hiyo. Wageni walipiga makofi. Gaëlle akaenda kusoma, akamaliza, akapata kazi, na tangu hapo humpigia simu mama yake kila siku, naye baba yake hupata salamu kupitia kwa mama, kama kifurushi. Gaston akipiga mwenyewe, jibu ni moja: "Niko busy, Papa." Kutoka Midrand hadi Kensington ni mwendo wa dakika arobaini. Mara ya mwisho mguu wake kukanyaga pale ilikuwa miaka miwili iliyopita.

Injini ilipotoboka, Clémentine, mke wa Gaston, alimsimulia binti yake kwenye simu akicheka mpaka machozi. Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, Gaëlle alikuwa mlangoni mwa gereji, amevaa buti za kazi.

"Fungua boneti, Papa."

Papa akafungua. Gaëlle alikaa mpaka jioni. Alikula ugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwao Bukavu, akacheka mara moja, na alipokuwa anaondoka alisema injini hiyo imekwisha, itafutwe nyingine, yeye atarudi Jumamosi.

Gaston si mjinga. Alielewa palepale: injini ikipatikana gari litawaka, na gari likiwaka, Gaëlle ana kazi gani tena Kensington? Aliyemtaka ni mwanawe. Gari, ukimuuliza ukweli, wala hakulipenda kiasi hicho. Kuingia humo ilimbidi akunje magoti mpaka yakaribie masikio. Basi akaamua kuwa mteja mgumu kuliko wateja wote aliowahi kuwalaani dukani kwake.

Ya kwanza kukataliwa ilikuwa injini ya aina ileile ya gari lile, iliyopatikana kwa mtu wa Durban, imetunzwa vizuri. Gaston alisema huwezi kumfufua mzee kwa kumwekea moyo wa mzee mwenzake. Ya pili ilikuwa ya Kimarekani, silinda nane. Hiyo Gaëlle mwenyewe aliikataa, akisema ni nzito, gari litainamisha pua na halitakata kona. Baba yake alikubali haraka mno, kisha akamwomba amweleze tena, kwa kuchora, na michoro hiyo ilimaliza Jumamosi mbili. Ya tatu, Gaston alisema, inakohoa. Ya nne ilikuwa na rangi isiyompendeza.

"Wewe injini unaichagua sawa na mtu anayetafuta mke wa pili," Clémentine alimwambia. "Mimi hukunichunguza hivyo."

Kisha wakafika kwa Mansour, mtu wa Tanga mwenye uwanja wa injini za Kijapani pale Fordsburg. Mansour alivuta turubai, na Gaston moyo ukamshuka. Ilikuwa injini ya Toyota, silinda nne, nyepesi, kavu, safi kama imetoka kuogeshwa. Mansour aliiwasha juu ya fremu yake, ikaunguruma taratibu bila hata kikohozi kimoja. Gaston aliizunguka mara mbili akitafuta kasoro, akakosa.

"Hii na feni yake ni sentimita sitini na nane," Gaëlle alisema. "Nafasi ya kwenye gari ni ngapi, Papa? Ulipima wewe."

Alikuwa amepima, siku ya kwanza kabisa. Ni sabini na mbili. Namba aliijua kama anavyojua kiuno cha mchungaji wake.

"Sitini na nne," akasema.

Gaëlle aliandika sitini na nne bila kuuliza mara ya pili. Katika mambo yote ya baba yake, msichana huyu aliamini kitu kimoja tu, nacho ni ile futi. Wakaondoka. Zikafuata Jumamosi nyingine tatu za kutafuta injini fupi ambayo hakuna kiwanda duniani kilichowahi kufikiria kuitengeneza, na Gaston alikuwa na raha isiyo na kifani. Waliongea njiani. Kwenye robot, wakisubiri taa, alimsimulia mambo ya bibi yake, na Gaëlle akamfundisha kazi ya kabureta. Alikuwa anampata mwanawe kwa uongo, na uongo ulimkaa vizuri kuliko suti yoyote aliyowahi kushona.

Jana, Jumamosi, Gaëlle aliendesha moja kwa moja hadi Fordsburg. Alisimama mbele ya injini ileile, akatoa mfukoni futi ya chuma, akaiweka juu ya turubai.

"Juma lililopita ulipoenda kununua samosa, niliipima mwenyewe ile nafasi ya kwenye gari," alisema. "Nimepima mara tatu, Papa, nikifikiri mimi ndiye nakosea. Ni sabini na mbili."

Mansour alikuwa na wateja wengine wawili uwanjani, na wote wakageuka.

"Kumbe mzee wangu umekosea kipimo?" Mansour alisema. "Sentimita nane nzima! Na mimi nilikuwa naja kwako na kitambaa cha kanzu ya Idi. Ungenivika kanzu ya mtoto wa madrasa!"

Wale wateja wakacheka. Gaston alihisi masikio yanawaka. Ukimwambia fundi nguo kwamba amekosea sentimita nane, afadhali umwambie cherehani yake ni ya wizi. Lakini njia ilikuwa moja tu ya kubaki na siri yake, akaishika.

"Nimekosea," alisema, kwa sauti ya watu wote kusikia. Lilikuwa neno geni kinywani mwake.

Gaëlle alitikisa kichwa. "Eish, Papa. Wewe hukosei. Hujawahi kukosea. Kwa nini?"

Gaston alitazama futi yake mwenyewe, akaizungusha kidoleni, akaifungua tena.

"Injini ikiingia, hautakuya tena," alisema. "Njo hivyo tu."

"Ungeniambia nije! Ningekuja."

"Nilikuitaka kwa simu. Kila mara unasemaka uko busy. Usingekuya, mwanangu. Na haki ulikuwa nayo. Maneno niliyosema siku ile mbele ya watu, nilisema kijinga. Nilikosea, na siku ile sikusema nimekosea. Nimekukosa sana."

Gaëlle alijua ni kweli, asingekuja. Akainama kama anayesoma namba ya injini, na namba ile ilimchukua muda mrefu, mpaka Mansour akaacha kucheka na kuwafukuza wale wateja kwa macho.

"Haya, wazee wangu, mnachukua au hamchukui?" aliuliza baadaye, kwa upole. "Nina lori hapo nje. Sasa hivi naipakia, saa nane iko Kensington."

"Tunachukua," Gaston alisema. Hakumwangalia binti yake. "Ipakie. Itafika leo, na kesho kutwa makanika ataiweka, imekwisha."

"Hapana, leo hapana," Gaëlle alisema, akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Na asije makanika yeyote kuigusa. Mansour, ilete Jumamosi."