Jiwe Lililofunika Pipa Letu

Wiki mbili nzima sikulala vizuri, na kilichoninyima usingizi ni jiwe. Si jiwe la thamani. Ni jiwe jeusi lililokaa juu ya pipa la maji nyumbani kwetu Kisauni tangu nikiwa mtoto. Swali lililonizunguka kichwani lilikuwa moja: nilikate nijue ukweli wake, au nimwachie baba yangu heshima yake?

Mtanielewa tu nikirudi enzi zetu, sisi tuliokunywa maziwa ya shule ya pakiti za pembe tatu, kisha tukazipulizia hewa na kuzikanyaga zilie kama fataki. Maji ya mfereji yalikuja siku yalipopenda. Kila nyumba ilikuwa na pipa uani, juu yake kifuniko cha mbao, na juu ya kifuniko kitu kizito, kwa sababu kunguru wa Mombasa hawana haya. Usipofunika vizuri watakuangushia utumbo wa samaki ndani ya maji ya kunywa. Kwa Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kitu hicho kilikuwa tofali. Kwetu lilikuwa jiwe hilo, ukubwa wa dafu dogo, uzito wa mtoto anayeanza kutembea. Lilikuwa na vishimo vishimo kama mtu amelibonyeza kwa vidole lingali laini. Lilitoa kutu, likapaka kifuniko wekundu, na Mama alilinung'unikia kila Jumamosi alipokuwa akisugua.

Mtoto wa kwetu alihesabiwa mkubwa siku alipoliondoa jiwe mwenyewe bila kuita mtu. Mimi nililiweza nikiwa darasa la nne, likaniponyoka likaniponda kidole gumba cha mguu. Mama alikuja mbio, akauliza kwanza kama kifuniko kimevunjika. Ukucha huo umeota upande hadi leo.

Hadithi ya jiwe ilikuwa fupi, kwa kuwa Baba si mtu wa maneno mengi. Alikuwa mkata mawe kwenye timbo kule Mwakirunge, yale machimbo yanakotoka matofali meupe ya kujengea nyumba zetu. Alfajiri moja, kabla sijazaliwa, walikuwa nyuma ya lori wakienda kazini. Wenzake walikuwa wamejifunika magunia hadi vichwani kwa sababu ya umande. Baba peke yake alikuwa macho. Aliona moto ukipita angani, kisha akasikia ngurumo, na hapakuwa na wingu. Adhuhuri, kwenye vumbi jeupe walilolisawazisha jana yake, alikuta shimo jipya, na ndani yake jiwe jeusi ambalo timbo lile halijawahi kutoa mfano wake. Akalibeba nyumbani. Mama akamuuliza la nini, akasema la pipa.

Wenzake walimpa jina, Mwenye Nyota, na jina likamganda. Nilipompelekea uji mwezi wa likizo niliwasikia wakimkejeli. "Ee Mwenye Nyota, leo hujaangushiwa mwezi?" Mwingine naye: "Muulize kama jua analo, tuanikie nguo!" Wakacheka hadi sururu zikawatoka mikononi. Baba alipangusa tindo lake kwenye suruali akaendelea kukata. Mimi niliona aibu. Hata leo naandika hivi huku uso unanipata moto, maana sikuwaonea aibu wao, nilimwonea aibu yeye.

Mambo yalibadilika darasa la sita. Mchezo wetu siku hizo ulikuwa sumaku. Vijana wa leo, wanaoshinda mbele ya michezo ya video, hawatanielewa nikisema tulivunja redio mbovu tukatoa sumaku ya spika, tukaiburura mchangani kwa kamba, tukahesabiana nani kaokota vyuma vingi, kama vile tulivyohesabiana kete za mdako. Siku moja niliiweka sumaku yangu juu ya pipa, ikarukia jiwe, ikang'ang'ania. Nilikwenda shuleni nikamweleza Mwalimu Mwanaisha.

Mwalimu Mwanaisha alitufundisha sayansi kwa Kiingereza, kama ilivyotakiwa, lakini alipofika mahali pagumu alirudi kwenye Kiswahili, na mara nyingi akachukua mfano jikoni. Ulimwengu, alisema, mwanzo ulikuwa umebanana pamoja, ukatanuka, na bado unatanuka, kama donge la mahamri lililofunikwa kitambaa: punje za hiliki zilizo ndani yake zinaachana bila hata moja kutembea. Muda mrefu baadaye jua letu na sayari zake zikaumbika. Na unajua ukisukuma chapati, unga mwingine unabaki kwenye kibao? Basi, vile vipande vidogo vinavyozunguka jua, vya mawe, vya chuma na vya barafu, ni unga uliobaki. Mara mojamoja chembe yake inatuangukia. Hicho ndicho kimondo, alisema, na huenda mnacho juu ya pipa.

Niliinua mkono. "Mwalimu, na huo unga aliukanda nani?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. "Hilo, Kadzo, kaulize nyumbani."

Nikauliza. Bi Zuhura, aliyetufundisha kusema audhubillahi kila tulipoona kimondo jioni baada ya Magharibi, kwa kuwa ni shetani anayefukuzwa asisikilize ya mbinguni, alinijibu bila kuacha kuchambua mchele: Mwenyezi Mungu alisema "Kuwa!" ikawa. Mama, mtu wa kanisa, alimuunga mkono. Baba nilimuuliza mwisho, akiwa anaosha vumbi jeupe masikioni. Aliweka kopo chini, akanigeukia.

"Sikuwapo, mwanangu," alisema.

Basi. Nilivunjika moyo. Baba za wenzangu walijua kila kitu.

Jiwe hilo ndilo lililonipeleka chuo kikuu kusomea miamba. Nilihitimu mwaka huu. Kazi sina, na mtu asiye na kazi ana nafasi kubwa ya kufikiri vibaya. Mwalimu wetu wa chuo nilipomsimulia habari za jiwe aliniambia picha hazitoshi, nimpelekee kipande. Kikisuguliwa na kupakwa asidi, chuma cha mbinguni huonyesha mistari iliyopishana kama msuko wa mkeka. Kisipoonyesha, huenda ni masimbi tu, taka za chuma kilichoyeyushwa, kitu ambacho mji wenye reli na bandari haukosi.

Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Baba sasa amezeeka, vumbi la timbo linamkohoza, na watu bado wanamwita Mwenye Nyota, wengine kwa heshima, kwa sababu binti yake amesoma. Je, mimi ndiye niwape wale waliomcheka ushahidi? Nikapanga kuliiba. Wallahi nilipanga: nilete jiwe jingine nilipake rangi nyeusi, nilipime lile letu kimya kimya, na likitokea baya nisiseme. Nikawaza uzito, nikawaza kutu, nikawaza Mama atakavyojua siku ya kwanza tu ya kulinyanyua.

Kilichonitoa humo ni lile jibu la zamani la Baba: sikuwapo. Chuoni tuliurudisha nyuma ulimwengu kwa hesabu, karibu kabisa na mwanzo, lakini mwanzo wenyewe ulipofika vitabu navyo vilisema kama Baba. Mtu aliyekataa kumdanganya mtoto wake hata kwa jambo ambalo kila mzazi hubahatisha, angetunga jiwe kwa faida gani?

Jumamosi, baada ya chai, nilikwenda uani nikamwambia Baba kila kitu, hata ule mpango wa wizi.

"Baba, nikilikata likatokea silo?"

"Silo lipi?"

"La mbinguni."

Alicheka hadi kikohozi kikamshika. "Kadzo mama, mimi sijasema la mbinguni. Nilisema niliona moto, nikasikia ngurumo, nikakuta jiwe. La mbinguni mmesema ninyi, wewe na mwalimu wako."

"Na waliokucheka?"

"Hao walikuwa ndani ya magunia. Lete msumeno."

Tulikata hadi adhuhuri, kwa zamu, tukavunja nyembe tatu za msumeno. Baba ndiye aliyechora mstari kwa chaki, umenyooka. Kilitoka kipande kidogo kama sabuni iliyokaribia kwisha, ndani yake kinang'aa kama kijiko kipya.

Siku hizi tuna tangi la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, na taa za barabarani zimezifukuza nyota nyingi. Watoto wa mtaani kwetu hawana haja ya jiwe, wala hawana cha kuulizia. Mama hata hivyo amelirudisha juu ya pipa la zamani, upande uliokatwa ukitazama chini, usishike kutu.

Jana nilikwenda posta kumtumia mwalimu wa chuo kile kipande. Nilikifunga kwa kitambaa cha leso, na ndani nikaweka karatasi yenye jina la Baba, na chini yake: aliona moto, alisikia ngurumo, alikuta jiwe. Kalamu ilitaka kuendelea: la mbinguni. Nikaifunika, nikalipia stempu, nikakabidhi.