Aliyeunga Kompresa

Kama hujamjua Kathini, hiyo si ajabu, kwa maana hata kanisani kwake pale Kabati hawamjui. Kwa miaka kumi na moja amekaa nyuma ya mixa, ile meza ya vitufe vya sauti, akipandisha na kushusha sauti za wengine, na yake hakuna anayeikumbuka. Siku za wiki hushona sare za shule sokoni. Jumapili hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, baada ya kukunja nyaya zote kwa mkono wake. Kazi hii hakufundishwa na mtu. Aliipata kwa kufungua redio mbovu za marehemu baba yake na kuzifunga tena zikiimba.

Basi mwezi jana wafadhili wakaleta kompresa, kisanduku cha chuma ambacho kazi yake ni kubana sauti inaporuka juu ghafla. Na Pasta Kivuva ni mtu wa kuruka juu ghafla. Mara ananong'ona humsikii, mara anapiga "Haleluya" watoto wanalia. Kisanduku kilikuwa kimefika mahali pake hasa. Lakini aliyepewa kukiunga ni Munyao, mwenyekiti wa kamati ya vyombo, ambaye ujuzi wake wote ni suti na sauti nene.

Munyao akakichomeka pale ambapo sauti yote ya mixa hutoka kwenda kwa spika. Kathini alimwambia mapema.

"Brother Munyao, hapo itabana kila kitu. Pasta akipiga kelele, kwaya itashuka na yeye. Weka kwa maiki ya Pasta peke yake."

"Aka! Sista, hii ni mashine ya mafundi. Wewe endelea tu kukunja waya."

Wazee wa kanisa wakacheka. Kathini akaimeza hasira yake kama dawa chungu, na ikakaa tumboni wiki nzima.

Jumapili mbili mfululizo ikawa vile vile alivyosema. Pasta akipaza sauti, akina mama wa kwaya wanazama, kinanda kinazama; akinyamaza, spika zinapiga mluzi wa kutoboa masikio. Munyao akasimama kwenye kikao na kusema, bila haya hata kidogo, kwamba Sista Kathini amechoka, na kwamba yeye anamjua fundi wa Machakos. Wazee wakakata shauri: vyombo vikiharibika tena Jumapili ijayo, Kathini aachie kiti. Kiti chenyewe hakina mshahara. Lakini ndicho kitu pekee alichojua kuwa ni chake, na walitaka kumnyang'anya kwa kosa la mtu mwingine.

Jumamosi akaingia kanisani peke yake na waya aliyoitengeneza mwenyewe, pini moja upande huu, mbili upande ule. Akachomoa nyaya za Munyao kwenye kompresa na kurudisha spika moja kwa moja kwenye mixa. Ile pini moja akaiingiza kwenye chaneli ya maiki ya Pasta. Zile mbili zikaingia kwenye kompresa, sauti iende na irudi. Akajaribu. Kimya. Akazibadilisha nafasi zile mbili, akashika maiki, akapiga "Haleluya!" kwa hasira zake zote. Taa nyekundu ya kompresa ikawaka, ishara kwamba inabana. Sauti ikatoka imetulia.

Kesho yake Pasta Kivuva alihubiri hadi mishipa ya shingo ikasimama, na bado kwaya ilisikika nyuma yake, hata Kalondu mwenye kisauti chembamba. Ibada ilipokwisha, Pasta akauliza nani ametengeneza vyombo.

Munyao alikuwa ameshashika maiki.

"Bwana asifiwe! Mimi na kamati yangu tumejitolea sana..."

Kathini akashusha sauti ya maiki ile hadi chini kabisa.

Mdomo wa Munyao uliendelea kucheza. Akaigonga maiki, akaipuliza, kisha akageuka kuangalia nyuma, na kanisa zima likageuka naye. Kathini alikuwa amesimama.

"Hiyo maiki nimezima mimi," akasema, bila chombo chochote, na sauti yake ikafika mlangoni. "Na kompresa niliunga mimi, jana, peke yangu. Brother Munyao, leo waya utakunja wewe."

Munyao akawatazama wazee. Mmoja wao, katika wale waliocheka, akainama, akaokota ncha ya waya sakafuni na kumkabidhi.