Alama ya Kufunga

Huko Katuba, mtaa mmoja wa Lubumbashi, Émerance aliitwa dada wa kompyuta, jina alilolichukia, maana kila redio iliyokufa ililetwa mlangoni pake. Kazi yake hasa ilikuwa kutunza tovuti ya kampuni moja ya mabasi yaendayo Kalemie. Kutoka Kalemie abiria walipita ziwani kwa boti hadi Uvira, wakashika barabara ya Bukavu.

Mwanzoni mwa 2025, vita ikishuka Kivu, mafuta yakapanda bei. Émerance akaweka juu ya ukurasa ujumbe mwekundu: nauli imeongezeka. Siku ya tatu bosi wake, Symphorien, akamjia juu.

“Baclients beko banalalamika. Ile message inafunika bouton ya ticket. Weka croix, muntu afunge mwenyewe.”

Akaweka. Ukigusa kialama kile cha X pembeni, ujumbe unatoweka, kitufe cha tiketi kinaonekana, na simu yako inakumbuka kutouonyesha tena. Alimaliza kwa nusu saa akajisifu, kwani hata yeye hakupenda ujumbe unaoganda kama mgeni asiyejua kuaga.

Wiki ile mdogo wake, Lucien, alikuwa anaondoka kumchukua mama yao Bukavu. Simu za huko zilikatika ovyo, ila intaneti ilipatikana asubuhi. Na madereva wa njia ile nzima walimpa Émerance habari za barabara kabla ya redio. Basi wakapatana: kabla ya kila safari, Lucien ataangalia tovuti kama kuna tahadhari.

“Kama hakuna alerte, naenda,” Lucien alimwambia dada yake. “Weye ndiye macho yangu, yaya.”

Jumatano ya wiki iliyofuata, Lucien akiwa ameshafika Uvira, dereva mmoja akapiga kutoka huko: barabara ya Bukavu imejaa watu wenye bunduki. Émerance akafuta maneno ya nauli, na katika kisanduku kilekile akaandika: “Msitoke Uvira. Barabara ya Bukavu si salama.” Kwenye kompyuta ya ofisi ujumbe ulionekana mkubwa, mwekundu. Akashusha pumzi.

Alhamisi mchana ukamfikia ujumbe ambao Lucien aliutuma asubuhi: “Yaya, nimeangalia, hakuna kitu. Tunaondoka na pikipiki.”

Émerance akafungua tovuti kwa simu yake mwenyewe. Juu ya ukurasa hapakuwa na kitu. Kwenye simu hii, tofauti na kompyuta ya ofisi, alikuwa amefunga ule wa nauli, na simu haikujua kwamba maneno yamebadilika. Ilijua tu kisanduku kile kimeshafungwa. Lucien naye alikifunga siku alipokata tiketi, Émerance akiwa pembeni yake.

Akapiga simu hadi chaji ikaisha. Kisha akarekebisha kosa, mstari mmoja tu wa programu: kila ujumbe uwe na namba yake, mpya usifichwe kwa kuwa wa zamani ulifungwa. Mwendesha pikipiki alirudi Uvira kwa miguu, peke yake. Lucien alizikwa kando ya barabara na watu wasiomjua.

Mama alifika Lubumbashi mwezi wa nne, akipitia Burundi pamoja na majirani. Alikuwa ametoka Bukavu siku mbili kabla Lucien hajapanda ile pikipiki. Alikaa kitandani bila kuvua viatu.

“Nani alimuambiaka njia iko muzuri?” akauliza.

Émerance alikuwa amejiandaa kueleza habari za simu na kisanduku. Akaona haya kujitetea nazo.

“Ni miye, mama.”