Presha Mbili za Somoe

Somoe binti Mfaume wa huku Bunju anashona kofia. Nasema anashona, sijasema alikuwa anashona, maana hilo ndilo tunalolipigania kila siku. Ni shoga yangu. Tumezaliwa mwaka mmoja. Yeye anadai mie nimemtangulia, mie nadai ni yeye. Enzi zake matundu ya kofia zake yalikuwa madogo hata sisimizi akitaka kupita lazima avue koti. Bwana harusi mmoja alivaa kofia yake Ijumaa, mpaka Jumatatu bibi harusi bado anahesabu matundu, uso wa mume hajauona. Mkibisha shauri yenu.

Miaka mitatu nyuma akaanza kugonga vitu. Mlango, beseni, mbuzi wa jirani. Mbuzi akalalamika. Tukaenda zahanati ya mtaani, wakamulika macho kwa tochi, wakasema hili si letu, nendeni mjini kwa bingwa.

Bingwa mwenyewe ni mmoja na sie wagonjwa kama siafu. Foleni ile! Kuna mzee alipanga akiwa na ndevu nyeusi, jina lake lilipoitwa ndevu nyeupe na anayeitikia ni mjukuu wake. Zamu yetu ilipofika, Daktari Gozbert akamwekesha Somoe kidevu kwenye mashine, akachungulia jicho hili, akachungulia lile.

"Mama, una presha ya macho," akasema. "Haiponi, inatulizwa. Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, maisha. Na kila miezi mitatu nikuone."

Maisha. Yeye kalitamka kama anayetaja bei ya mchicha.

Basi ikawa ndiyo kazi. Unaamka kabla ya adhana, umebeba uji kwenye chupa, unafika mjini jua limeshapanda, unakaa kwenye benchi mpaka makalio yanasahau kuwa ni yako, unapimwa kwa muda wa kupiga chafya mbili, unarudi Bunju. Dawa nayo huku hakuna. Duka letu la dawa lina ya kikohozi, ya minyoo, na ya nguvu za kiume aina tisa. Ya jicho la Somoe, mjini. Mara mbili tulifika tukaambiwa bingwa yuko semina. Mara ile ya pili Somoe alikaa kwenye ngazi za hospitali, akavua viatu, akavitazama.

"Shoga, nimechoka," akasema. "Wala siumwi mahali. Nimechoka tu."

Wiki ile ile kanisa la kina Mama Praygod, majirani zetu, pale karibu na kituo cha basi, likaweka siku ya kupima afya, dini zote karibu. Tukaenda. Nesi Vaileth, binti mwenye adabu zake, akamwamkia Somoe shikamoo, akamfunga kile kitambaa mkononi. Kikavimba, kikanywea.

"Bibi, presha yako nzuri kabisa. Kama ya msichana!"

"Iko sawa?"

"Iko sawa bibi yangu. Endelea hivyo hivyo."

Sasa hapa ndipo pana dhambi yangu. Yule binti habari za macho hakuwa nazo, hatukumwambia. Ni mie. Tumetoka tu nje nikampigia Somoe kigelegele.

"Imekwisha hiyo! Si umesikia mwenyewe?"

"Lakini huyu kapima mkono."

"Kwani una presha ngapi wewe? Damu si hiyo hiyo, mkononi inapita, machoni inapita? Maji yakipungua bomba la jikoni, bafuni yatatoka wapi?"

Nikamtolea na shahidi: binamu yangu wa Mafia, aliambiwa ana ugonjwa wa maisha, ukaisha kwa wiki, akaishi mpaka akasahau jina lake. Binamu huyo hajazaliwa mpaka leo.

Somoe alikuwa amechoka, na mie nikampa pa kukaa. Kichupa kikaingia kabatini. Siku ya kliniki ikapita tunakula maandazi.

Miezi mitano hiyo. Presha ya macho haiumi, ndio ubaya wake; ingekuwa inauma tungeshtuka. Mchana mmoja Somoe anamimina chai, kikombe kipo huku, yeye anamimina kule, na anaendelea.

"Na meza nayo imesema ina kiu?" nikamcheka.

Hakucheka. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja.

"Shoga, upo?"

"Nipo hapa mbele yako, mtu mzima na nusu."

"Sikuoni."

Mie nimewatania wengi, uso wa utani naujua. Ule haukuwa wenyewe.

Tukarudi mjini. Daktari akauliza, "Mama, dawa unaweka?"

"Presha iliisha, mwanangu. Ilipimwa."

"Ilipimwa wapi?"

Somoe akanyoosha mkono, akamwonyesha juu ya kiwiko.

Daktari akaweka kalamu chini. Hakufoka, angefoka ningepumua. Akatueleza taratibu: ile ya mkono ni ya damu, hii ni ya maji yaliyomo ndani ya jicho, hazijuani, zimeitwa jina moja tu. Jicho la kushoto limekwenda, halirudi. La kulia limebaki nusu.

"Nitashona?" Somoe akauliza.

"Ukiweka dawa bila kuruka, mama, hiyo nusu inaweza kukaa. Ukiacha tena, usije kuniuliza." Kisha akasema, "Nani alikwambia uache?"

Nikaangalia chini. Vigae vya chumba kile navijua mpaka leo.

"Hakuna mtu," Somoe akasema. "Niliamua mwenyewe."

Nje nikamshika kanga. "Somoe, si ni mie niliye..."

"Najua ni wewe. Kwani nilikuwa kiziwi? Pita kushoto kwangu, nisije kugonga watu."

Hajalitaja tena. Angenitukana tungemalizana.

Siku hizi dawa namwekea mie, akiweka mwenyewe tone linaishia shavuni. Asubuhi naenda, baada ya alasiri naenda, magoti yangu yananisema njia nzima. Namkuta mlangoni penye mwanga na kofia yake, matundu yamekuwa makubwa na moja inakula miezi. Anaweka sindano chini, anainua uso, namdondoshea.

"Umeweka?"

"Nimeweka."

"Limeingia au limemwagika?"

"Limeingia."

"Apa."

Naapa. Mtaa mzima umenisikiliza miaka yote hii na hakuna aliyewahi kuniapisha, walikuwa wanacheka tu. Somoe haishiki sindano tena mpaka nimeapa, na jioni ananiapisha upya.