Ramani ya Ng'ombe wa Baba Mkwe

Mimi ndiye niliyesimamisha harusi ya mjukuu wangu, na nilifanya hivyo nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Wageni walikuwa wamefika kwetu karibu na Sosiot kwa koito, yale mazungumzo ya posa ambayo sisi Wakipsigis hatuyafanyi mbio mbio. Wazee wa kijana waliketi upande mmoja, wetu upande mwingine, na kila upande ukaeleza umetoka wapi na ni wa ukoo gani. Ni lazima. Watu wa ukoo mmoja hawaoani kwetu, hata kama mmoja amezaliwa Roret na mwingine Marekani. Mzee wao mmoja akataja kilima ambako baba wa babu ya kijana aliishi, ng'ambo ya Roret, penye chemchemi inayotoka katikati ya mawe mawili.

Chai ikanipalia.

"Huyo mzee wa chemchemi," nikasema, "si alikuwa ndugu ya baba mkwe wangu?"

Nilikuwa na sababu. Nilipoolewa, kabla hata sijazoea njia ya mtoni, mume wangu alinipeleka kwenye boma hilo. Niliona ng'ombe wenye alama yetu: sikio la kushoto limepasuliwa kama mkia wa mbayuwayu, la kulia limekatwa ncha. Hiyo ilikuwa alama ya baba mkwe wangu. Mwenye boma akamwita mume wangu "mtoto wangu", akatupa maziwa ya kibuyu mpaka tukashindwa. Nikajiambia, huyu ni baba mdogo. Sikuuliza. Bibi harusi wa siku zile hakuulizauliza. Hata jina la baba mkwe sikulitamka, na mpaka leo silitamki, sembuse kuliandika.

Lakini majina mengine yote ninayo. Shule niliacha darasa la pili, ila watu huniita kwenye mazishi niwaambie nani alizaa nani. Kwa hiyo niliposema neno lile, hakuna aliyenibishia. Watu wa kijana walisema wao ni ukoo mwingine kabisa, na mzee wao akaapa. Mwanangu, baba wa msichana, akatikisa kichwa.

"Tukikosea hapa tumewakosea watoto ambao hawajazaliwa," akasema. "Tungoje."

Wageni wakaenda, chakula kikabaki mezani. Kuku mzima alibaki!

Mjukuu wangu alisomea mambo ya ramani pale chuoni Kabianga, na sasa anawapimia wakulima mashamba. Hakunisemesha mpaka Jumapili. Baada ya kanisa akaja na kompyuta yake, akaketi karibu nami kwenye kochi, akanivuta leso kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

"Kogo," akasema, maana ndivyo wajukuu wanavyotuita sisi nyanya, "wewe ndiye umenifunga. Wewe ndiye utanifungua."

"Nitakufungua na nini? Hiyo kitu hata kuiwasha sijui."

"Na majina yako. Nitajie ndugu za baba mkwe wako, wale unaowajua bila shaka, na kila mmoja aliishi wapi."

Akafungua picha iliyopigwa kutoka juu, sijui huko mbinguni. Nikaona mashamba ya chai, nikaona barabara ya kiwanda, nikaona mabati yetu.

"Hapo si choo chetu?"

"Ndiyo, Kogo."

"Mungu wangu! Kwa hivyo dunia nzima inaona choo chetu?"

"Inaona paa tu. Sema majina."

Nikasema. Kila ndugu akawekewa alama nyekundu. Kisha akaniambia nitaje kila boma nililowahi kuona ng'ombe wenye masikio yale, na hayo akayawekea alama za njano. Nilishangaa jinsi zilivyokuwa nyingi. Nilikuwa nimeyaona maboma hayo moja moja, mwaka huu kwa harusi, mwaka ule kwa matanga, na sikuwahi kuyaweka pamoja. Mwisho akabonyeza kitu, mito ikatokea, na vilima vikainuka kama unga wa wimbi uliomwagwa kwenye ungo.

"Sasa angalia," akasema. "Nyekundu zimekaa pamoja kama vifaranga, kilima kimoja. Njano, pamoja na ile ya chemchemi, mbona zimetupwa kila mahali? Moja iko juu kwenye baridi, upande wa Bomet. Moja iko chini kwenye joto. Na kila moja iko ng'ambo ya mto wake. Baba gani anatawanya watoto hivi?"

Nikaangalia. Nikaangalia tena. Halafu nikacheka mpaka leso ikaanguka chini.

"Hakuna baba anayetawanya watoto hivyo," nikamwambia. "Mtoto wa kiume unampa shamba karibu, ili ukizeeka akusikie ukiita. Anayetawanywa hivyo ni ng'ombe!"

Ilikuwa kimanagan. Mtu akiwa na ng'ombe wengi hakuwaweka boma moja. Aliwapeleka kwa marafiki mbali mbali wamtunzie. Rafiki anakunywa maziwa, ndama wanabaki kuwa wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia kilima hiki, wale wa kilima kile wanapona. Na wanaume walifanya siri, hata mke hakuambiwa, wivu usije ukaingia. Basi yule mzee wa chemchemi huenda alikuwa rafiki tu wa kutunza ng'ombe, si ndugu.

"Sasa unacheka nini hivyo, Kogo?"

"Namcheka baba mkwe wangu. Alijificha maisha yake yote, na leo nimeona ng'ombe wake wote kwa mara moja."

Mwanangu aliitwa aone. Akavaa miwani, akasoma ramani kama anasoma Biblia.

"Hii inaonyesha mtu alikaa wapi," akasema. "Haionyeshi alizaliwa na nani."

Hapo alikuwa na haki. Basi tukaenda Roret sisi watatu, kwa nyanya wa kijana, mke wa mtoto wa yule mzee wa chemchemi. Ni mkubwa kwangu, na mdomo wake haujazeeka hata kidogo.

"Ninyi ndio mliomkataa kijana wetu, na kuku wenu pia mkabaki naye?" akatupokea.

Nikamuuliza habari za ng'ombe wale.

"Wale wa sikio la mbayuwayu? Hao walikuwa wa rafiki ya baba mkwe wangu. Wa kwetu tulikuwa tunawatoboa sikio la kulia tu, shimo moja. Wale wenu tulikamua tu. Hata mmoja alivimba tumbo akafa, na baba mkwe akabeba ngozi kwa mgongo mpaka kwenu, na masikio yakiwa bado juu yake, ili mwenyewe aone hakuuzwa."

Nikashika mkono wa mwanangu. Ngozi ile niliijua! Ililetwa kwetu jioni ya mvua, na baba mkwe akapitisha kidole kwenye sikio, akasema "sawa", basi. Nikapewa mimi.

"Wewe ulizaliwa juu ya hiyo ngozi," nikamwambia mwanangu.

Akavua miwani, akaipangusa ingawa haikuwa na kitu. Kisha akatoka nje kuwapigia simu wazee wa pande zote mbili. Mjukuu wangu alimfuata kusikiliza, na tulipomsikia akipiga kelele ya furaha huko kwenye majani chai, tukajua wazee wamekubali.

Koito ilirudiwa. Nyanya wa kijana alikuja mwenyewe, akaketi mbele, na wakati wa kupakana siagi kwenye paji la uso, ishara kwamba tumekubaliana, akanipaka nyingi hadi ikaniingia machoni.

"Maziwa tulishakunywa," akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote. "Sasa tumekuja kumchukua ng'ombe mwenyewe, na ndama haturudishi."

"Mbaki nao," nikasema, nikijipangusa. "Lakini mtawaleta wanisalimie."