Asiguswe Huyu

Mwanangu wa pili alizaliwa Masasi, msimu wa kupulizia mikorosho salfa. Mume wangu alifika wodini na nguo za shambani, bado zinanuka ile dawa, akasimama mlangoni mpaka muuguzi alipomkaribisha. Alimtazama mtoto, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Uji ulikuwa umejaa kwenye chupa, sijaugusa.

Wa kwanza tulimzika miaka miwili kabla, akiwa na siku kumi na tisa. Homa ilimkamata akiwa mzima kabisa. Siku zake za mwisho alichomwa sindano mikononi na miguuni, na walipoukosa mshipa wakamnyoa upande mmoja wa kichwa, wakaanza kuutafuta hapo. Walijitahidi, sina lawama. Baada ya mazishi, majirani waliokuwa wakiniita kwa jina lake waliacha mmoja mmoja. Sikulia sana. Ilisemwa kwamba nina moyo mgumu, nami sikubisha. Nilipika, nilifua, nilikwenda shambani.

Siku ya pili, muuguzi mmoja mtu mzima alipita vitandani. Alinieleza kwa upole kwamba mtoto wa kiume anaweza kutahiriwa angali mchanga, kidonda kinapona haraka, na akikua hatapata shida. Alikuwa na karatasi ya kusaini. Nilimsikiliza hadi mwisho huku nikiutazama utosi wa mtoto unavyopiga.

Nikasema hapana.

Akauliza kama ni mambo ya dini. Nikamwambia sivyo. Akauliza kama baba ndiye hataki. Mume wangu, aliyekaa kando ya kitanda na ambaye si msemaji, akajibu mwenyewe.

"Wote hatutaki, mama. Asiguswe huyu."

Muuguzi akasema si lazima, akaenda kitanda cha pili.

Mchana alifika mama mkwe kutoka Mnyambe. Kwao mwanamume asiyetahiriwa hahesabiwi mtu mzima. Alipoambiwa tumekataa, aliniuliza kama nataka mjukuu wake achekwe. Nikamjibu kwamba hilo sijui. Ninalojua ni kwamba sitaweza kumsikia akilia kwa maumivu. Nadhani alingoja nitoe machozi. Hayakuja. Akainuka, akasema tumemdhulumu mtoto, akaondoka bila kumbeba.

Miezi mitatu hakukanyaga kwetu. Alimpigia simu mwanawe tu. Nami sikumkasirikia.

Korosho za kwanza zilipoanza kudondoka, alishuka kwenye bodaboda uani kwetu na kapu la ming'oko, vile viazi vya porini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Akaomba mtoto na beseni. Alimwogesha taratibu, na alipofika mapajani mkono wake ukasimama.

"Mumeo alikuwa na kaka," akasema. "Alikwenda jandoni, hakurudi."

Mume wangu alikuwa hajawahi kunitajia kaka. Nilimuuliza mama mkwe kama mwanawe anajua. Akasema hajui, alikuwa bado tumboni. Wakati ule yeye mama mkwe aliambiwa asilie, asije akawatia hofu wanawake wenye watoto kule jandoni porini. Akatii.

"Nikazoea," akasema. "Hata walipotoka jandoni wenzake, nilipika pamoja na mama zao."

Nikampa kanga kavu. Akamfunga mtoto, akambeba begani, akasema bado anataka mjukuu wake atahiriwe, hilo nisimfiche mtu. Ila asubiri mpaka ajue kusema mwenyewe kama anaumwa. Kisha tukakaa kwenye mkeka, tukamenya ming'oko.

Jioni nilimweleza mume wangu kuhusu kaka yake. Alikuwa anakula. Aliuliza alikuwa na umri gani, nikamwambia sikuuliza. Akamaliza chakula, akanawa.

Mtoto sasa ana miaka mitano. Hajatahiriwa. Akicheza na wenzake mtoni, baadhi humcheka, naye huwarushia maji. Baba yake amesema atampeleka hospitali siku mwenyewe atakapokubali, nami nimesema sawa. Bibi yake huuliza kila anapopiga simu. Namwambia bado, mama. Anasema haya, kisha ananiuliza habari za mihogo.