Tulivyowafuata Wagonjwa wa Moyo Madunguni

Moyo wa Somoe ulikuwa na sauti ya mtu anayekokota kandambili kwenye mchanga. Du, halafu shwaa. Du, shwaa. Daktari alinivika vile vidude vya masikioni vya kipimo chake, akakiweka kisahani upande wa kushoto wa kifua cha Somoe, akaniambia nisikilize kwa utulivu. Kwanza alikuwa amenisikilizisha wangu, ambao ulikuwa ukigonga tu, du-du, du-du, kama mtu anayetwanga bila haraka. Kisha ndio akanipa wa Somoe.

Akanieleza kuwa ile shwaa ni damu inayorudi ilikotoka. Ndani ya moyo mna milango midogo inayofunga na kufungua. Mtoto akiugua mafindofindo asitibiwe vizuri, mwili unaweza kukasirika ukapigana na maradhi mpaka ukaila na milango yake wenyewe. Mlango uliolika hauponi kwa dawa. Lakini mgonjwa akichomwa sindano ya penisilini kila mwezi, bila kuruka, moyo unalindwa usizidi kuharibika. Somoe tulikuwa rika moja. Alisikiliza maelezo yote huku akiniangalia mimi, si Daktari, kama vile mie ndiye niliyemletea habari hizo.

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati ya kijiji kimoja cha delta, baada ya mavuno. Kwa cheo nilikuwa karani wa upimaji. Kwa vitendo nilikuwa mshika kanga, maana hapakuwa na pazia, na wanawake walitaka sitara wanapofunuliwa kifua. Mikono iliniuma vibaya, na nilirudi nyumbani nikamwambia mama kuwa nimepata kazi nzuri kuliko zote duniani.

Sina mvi, najua. Habari za kazi huandikwa na wastaafu wenye fimbo na pensheni. Lakini nami nimeiacha kazi hiyo, na binti aliyekaa kwenye kiti changu ameniomba nimweleze ilivyokuwa. Basi namwandikia yeye, na wadogo zangu wengine mliomaliza kidato cha nne kwa alama za kunong'ona kama zangu.

Baada ya upimaji nilipelekwa ofisini Kibiti. Ofisi yetu ilikuwa chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Akbar, Mhindi aliyezaliwa hapahapa, anayeongea Kindengereko kuwashinda wajukuu wa Wandengereko. Printa yetu ikigoma, na iligoma sana, tulitumia yake. Kila akituona tunakuja na flashi mkononi alisema, "Mimi naomba mara tano kwa siku. Nyie mnaomba kutwa."

Na kweli, kazi yetu ilikuwa kuomba. Shirika letu lilikuwa dogo, halikuwa na pesa yake. Kila sindano, kila lita ya mafuta, ilitoka kwa mfadhili, yaani mfuko wa hisani unaotangaza kwamba unatoa ruzuku kwa utafiti wa magonjwa ya moyo au kwa afya ya jamii. Tangazo likitoka, unatuma kwanza andiko dogo, la kurasa chache, kuonyesha wazo. Wakilipenda, wanakuita kwa andiko kamili, lenye bajeti na viashiria. Kiashiria ni kile utakachokionyesha mwishoni kuthibitisha kwamba ulifanya ulichosema. Na kila swali lina ukomo wa maneno. Ukizidisha, kompyuta inakukatia sentensi hapohapo, hata kama mgonjwa alikuwa bado yuko mlangoni.

Aliyenifundisha ni Mratibu. Alikuwa muuguzi mstaafu, Mnyamwezi wa Tabora, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anayeimba nyimbo za kanisani akiwa anajumlisha bajeti. Sijawahi kuona mtu anayeheshimu kuomba kama yeye. Hakulia kwenye karatasi, wala hakuwapaka wagonjwa wetu unyonge ili mfadhili ahurumie. Kila aya aliniamuru niisome kwa sauti. Nikifika mahali ulimi unapokwama, anasema, "Tatu mwanangu, hapo umeongopa au umejikweza. Rudia." Mara nyingi alikuwa sahihi, na mara nyingi nilikuwa nimejikweza.

Siku moja aliniuliza ningemwelekezaje mgeni afike kwetu kutoka stendi. Nikamwelekeza: unapita hapa, unaona mashine ya kusaga, unaingia uchochoro wa kushoto. "Basi mfadhili naye ni mgeni aliyeshuka kwenye basi," akasema. "Hajui chochote. Mwandikie hivyohivyo."

Nikakaa pia miezi kadhaa Nyamwage, kandokando ya barabara kuu, tukiwapima presha madereva wa malori na mama lishe kwa ajili ya utafiti wa Daktari. Huko nilijifunza kuuliza swali halafu kunyamaza. Dereva mmoja alinijibu maswali yote akiwa amelala, nikajua amelala nilipofika swali la mwisho. Lakini hayo ni ya siku nyingine, ninalotaka kusema ni la delta.

Ruzuku ya kwanza iliturudisha kwenye ile zahanati ya kina Somoe, safari hii na sindano za kila mwezi. Miezi ya mwanzo wagonjwa walikuja wote, wamevaa vizuri, wanataniana foleni. Mvua zilipoingia wakaanza kupungua. Mara wakawa wachache, mara muuguzi wa zahanati akawa anakaa na dawa peke yake. Tukaandika ripoti kama ilivyotakiwa, na mfadhili akatujibu kutoka Dar es Salaam. Mfuko ulikuwa unafikiria kusitisha huduma ya delta, kwa kuwa wagonjwa wake hawana mwamko.

Mratibu alilisoma neno hilo, mwamko, akavua miwani. Somoe alikuwa ameruka sindano, tena si mara moja. Ruzuku ikifa, hata akiitaka hataikuta. Mratibu akapiga simu Dar es Salaam, akaomba kitu kimoja tu: afisa wao aje aone kwa macho yake kabla hawajaamua. Wakakubali, wakachagua siku wao.

Afisa alikuja, mwanamke kijana, mpole, viatu vyeupe. Tukapanda boti ya mjomba wangu Seif. Mratibu alibeba begi lake la uuguzi na dawa za akiba, kama kawaida yake. Tulipofika tukaukuta mji umefungwa. Milango ina kufuli, majiko baridi, mbuzi wamelala barazani kama wenye nyumba. Muuguzi wa zahanati alitoka kutupokea akiwa na furaha ya mtu aliyekosa wa kuongea naye.

Afisa akageuka, akauliza kwa upole unaotisha, "Mama, wagonjwa wako wako wapi?"

Mjomba Seif, aliyekuwa anafunga kamba ya boti, ndiye aliyejibu, akishangaa. "Msimu huu? Watu wote wako madunguni."

Dungu, kwa asiyelijua, ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Mpunga ukikaribia kukomaa, watu wa Rufiji wanahamia huko na vyungu, mikeka na watoto, wanalinda dhidi ya ndege na nguruwe hadi wavune. Ni jambo la kila mwaka. Mama yangu ni wa delta, mie mwenyewe nimecheza chini ya dungu. Lakini siye wa huku hatukuona kuwa ni habari, ndiyo maana halikuwamo kwenye andiko hata kwa sentensi moja. Upimaji ulifanyika watu wakiwa nyumbani, tukajaza majina ya vijiji, tukaona tumemaliza. Nilimuuliza mjomba mbona hakutuambia tangu tunaondoka. Akasema alidhani tunakwenda kuangalia jengo, kwani wageni siku zote huja kuangalia jengo.

Mratibu akamtazama Afisa, akatazama viatu vyake vyeupe. "Mwanangu," akasema, "vua hivyo. Tunakwenda."

Kwa boti tena, halafu kwa miguu kwenye matope. Bibi yake Somoe alituona kutoka juu ya dungu, akamtambua Mratibu kwa mwendo. Watu wa Pwani na Wanyamwezi ni watani, na bibi hakuwa mtu wa kupoteza nafasi.

"Mtani, umeona hatuji zahanati ukadhani tumekufa. Umekuja kula matanga."

"Nimekuja kula matanga, mama," Mratibu akajibu huku anahema kwenye tope, "naona maiti wamenenepa kuliko mimi."

Bibi akacheka hadi akashika nguzo. Tukamsalimia, shikamoo zikapanda, marahaba zikashuka. Somoe alikuwa juu, amekaa karibu na ngazi, mkononi ana kamba ndefu iliyofungwa makopo mpaka mwisho wa shamba. Akiivuta, makopo yanalia, ndege wanainuka kama wingu. Uso wake ulikuwa umepungua. Mratibu akamuuliza hali, akasema akipanda ngazi inabidi akae kwanza ndipo aongee.

"Na sindano, mwanangu?"

"Naitaka, Sista. Naogopa bila hiyo." Akavuta kamba, akasubiri ndege wainuke. "Lakini kwenda zahanati na kurudi ni siku nzima. Bibi macho hayaoni mbali. Nikiondoka siku nzima, tutakula nini mwaka huu?"

Mratibu akafungua begi, akaanza kuchanganya dawa. Kisha akasita, kwa sababu Somoe alitakiwa alale, na aliyelala hawezi kuvuta kamba. Bibi akaangalia huku na huku, akamwonyesha Afisa kwa kidole. "Wewe mwenye mikono laini. Njoo ushike hapa."

Afisa akapanda, akashika. Mara ya kwanza alivuta kwa aibu, makopo yakanong'ona, ndege wala hawakumtazama. Bibi akamwambia avute kama anayedai chake. Akavuta. Mie nikakunjua kanga yangu nikaweka sitara, na Somoe akachomwa sindano akiwa amelala kwenye mkeka, amekaza meno, maana sindano hiyo inauma kweli. Tulibaki pale muda wa kutosha kuhakikisha dawa haijamletea shida, na muda wote huo ndege walikuwa wa Afisa. Jasho lilimtoka. Nywele zilimfumuka. Hakumpa mtu kamba.

Hatimaye akauliza, bila kutoa macho shambani, "Kwa nini hamkuniandikia hivi?"

Mratibu alikuwa anafunga begi. Hakutafuta wa kumsingizia. "Tuliwauliza nyumba zao ziko wapi," akasema. "Hatukuwauliza msimu wa mpunga wanalala wapi. Kosa ni letu, si la mwamko wao."

Afisa akavuta kamba tena. "Andikeni upya," akasema. "Na hii kamba iwemo."

Tuliandika upya. Daktari, ambaye alikuwa na aya moja nzuri mno juu ya wagonjwa wanaokatiza matibabu, aliisoma, akasema imependeza lakini haina ndege hata mmoja, akaifuta yote kwa mkono wake. Swali la utafiti likageuka: ikiwa dawa itafuata kalenda ya mpunga, je, wagonjwa watabaki nayo mwaka mzima? Kwenye bajeti tukaondoa mabango na semina ya hotelini, tukaweka muuguzi wa msimu na mafuta ya boti. Mratibu alinifanya nilisome andiko zima kwa sauti dukani, mbele ya Mzee Akbar na wateja wa misumari. Ulimi haukukwama. Fundi mmoja aliyekuja kununua bawaba akauliza huyo dada alipona au vipi.

Ruzuku ilitoka. Somoe hajapona, na sitaki kuwadanganya. Mlango wa moyo wake bado unavuja, na Daktari anamtafutia nafasi ya upasuaji Dar es Salaam. Lakini hajaruka sindano tena, na sasa anapanda ngazi ya dungu huku anamtukana ndege.

Mie naondoka kwenda chuo cha uuguzi. Nilirudia mtihani, Mratibu akinifundisha baolojia saa za chakula. Nimeshaota ndoto zangu zote: koti jeupe, kipimo changu shingoni, wodi ya moyo hapahapa kwetu, na mimi nikiwavika wanafunzi vile vidude nikiwaambia wasikilize kwa utulivu. Mkicheka chekeni tu.

Ninachojivunia ni kwamba nilijifunza kuomba kwa watu walioomba wakiwa wamesimama wima. Mdogo wangu uliyekaa kwenye kiti changu, ukifika kwenye sanduku lile la maelezo ya eneo katika fomu ya andiko, usijaze haraka. Inuka, uende ukaulize watu wanalala wapi, na mwezi gani, na nani atashika kamba.

Safari ya kwanza ya kuwafuata madunguni msimu wa pili ndiyo iliyokuwa siku yangu ya mwisho. Nilitangulia bandarini kabla ya wote. Usiku mvua ilinyesha, na boti ilikuwa na maji hadi chini ya ubao anaokalia muuguzi wa msimu. Mjomba Seif hajafika, Mratibu hajafika. Nikavua viatu, nikapandisha gauni, nikaingia, nikachukua kopo nikaanza kuyafua yale maji, kopo baada ya kopo, nikiyamwaga mtoni, mpaka mbao za chini zikaonekana. Halafu nikautandika ubao ule kanga yangu kavu, nikashuka.